Barafu Imetoka Ziwani: Je, Niingie na Mtumbwi Peke Yangu?

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mshauri,

Kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikisafiri kwa mtumbwi kila majira ya joto pamoja na rafiki zangu wawili, tukipita katika maziwa ya msituni yanayounganishwa na vijito na njia za miguu ambako mtu hubeba mtumbwi wake mabegani. Mwaka huu nimekusudia kwenda peke yangu kwa mara ya kwanza, siku nne na usiku tatu, mwanzoni kabisa mwa majira ya kuchipua, mara tu barafu itakapoondoka, kabla mbu hawajatokea na kabla watu hawajajaa. Ninao mtumbwi, hema, mfuko wa kulalia na jaketi la kuokolea maisha. Wakati huo joto la mchana hufika nyuzi 18 kukiwa na jua. Naomba kujua nianze kupanga kutoka wapi, na ni jambo gani ambalo sisi tuliozoea majira ya joto hulisahau.

Msomaji anayejiandaa

JIBU

Ndugu msomaji, umenieleza joto la hewa lakini hukunieleza joto la maji, na kwa safari ya wakati huo hilo la pili ndilo linalotawala kila uamuzi mwingine, kuanzia nguo utakazovaa mpaka saa utakayoamka. Maji huwa mazito zaidi yanapofikia nyuzi 4 za Selisiasi. Kwa hiyo barafu inapoyeyuka, maji ya juu yanayoanza kupata joto huzama, ya chini hupanda, na ziwa zima hujichanganya kutoka juu hadi sakafuni, likabaki karibu na nyuzi hizo 4 kwa siku nyingi. Hewa huweza kufika nyuzi 18 ndani ya mchana mmoja, ilhali ziwa lenye kina huhitaji wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amevua koti, jua likimchoma shingoni, na sentimita chache tu chini ya magoti yake pakawa na maji yanayoweza kumuua.

Wengi hudhani kwamba anayeanguka katika maji ya baridi hufa kwa kupoa polepole. Sivyo inavyokuwa mara nyingi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi baridi inavyouathiri mwili wa binadamu, amelieleza jambo hili kwa tarakimu tatu zilizo rahisi kukumbuka: dakika 1, dakika 10, saa 1. Katika dakika ya kwanza mwili hushtuka na mtu hutweta bila hiari yake, na ikiwa kichwa chake kiko chini wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Katika dakika 10 zinazofuata bado anazo nguvu za kufanya jambo la maana kwa mikono na miguu, lakini nguvu hizo hupungua kwa kasi, kwa sababu mwili huilinda damu ya kifuani na kuiacha misuli ya viungo ipoe. Ni baada ya saa 1 hivi ndipo kupoa kwa mwili wenyewe kunapompotezea fahamu. Zingatia kwamba saa hiyo ni ya mtu ambaye jaketi limemshikilia kichwa juu ya maji. Asiyekuwa nalo huzama pale mikono inapokataa kazi.

Niliwahi kulijaribu jambo hili kwa makusudi, nikiwa nimesimama kiunoni katika maji ya namna hiyo, rafiki yangu akiwa ukingoni ameshika kamba na saa. Kazi niliyojipa ilikuwa ndogo: kuzamisha mikono, kisha kila baada ya dakika moja kuitoa na kufunga kifungo cha plastiki cha mkanda wa begi. Mara tatu za mwanzo nilifaulu. Mara ya nne nilikiona kidole gumba changu kikisukuma pembeni ya kifungo, nikadhani kimeingia, na ilinibidi nitazame kwa macho ndipo nijue kwamba bado, kwa maana vidole havikuniambia chochote tena. Mara ya sita sikuweza kabisa. Nilikuwa nimetulia, sijaogopa, miguu yangu iko juu ya mchanga, na mtu wa kunivuta yuko karibu. Wewe hutakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kutokana na hayo, panga safari yako kana kwamba kuanguka majini ni jambo ambalo litatokea. Jaketi livaliwe na kufungwa vifungo vyote tangu mguu unapotoka nchi kavu. Lililowekwa chini ya kiti halitakusaidia, kwa kuwa dakika ya kwanza haikupi nafasi ya kulitafuta. Ndani ya jaketi vaa kwa ajili ya maji, wala si kwa ajili ya hewa. Lililo bora ni suti kavu, ile isiyopitisha maji yenye mpira unaobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na ndani yake nguo za sufu au za nyuzi za kiwandani zinazotunza joto hata zikilowa. Suti ya mpira ya wapiga mbizi pia inasaidia sana, na mara nyingi hupatikana kwa kukodisha. Nguo za pamba ziache nyumbani. Najua utatoka jasho na utatamani kuivua suti hiyo saa sita mchana; badala ya kuivua, chovya kofia yako majini uivae. Kama huwezi kupata suti ya aina yoyote, ushauri wangu ni kwamba usiende peke yako wakati huo, bali uisogeze safari mbele kwa mwezi mmoja au zaidi. Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Ziwa litakuwa palepale.

Sasa njia yenyewe. Mtu anayesafiri na wenzake huchora mstari wa moja kwa moja kutoka rasi hadi rasi, kwa sababu mtumbwi wa pili ndio msaada wake. Wewe msaada wako ni ukingo wa ziwa. Mimi ninapokuwa peke yangu katika maji ya baridi sitoki mbali na ukingo kuliko mita 30 hivi, hata kama kuzunguka ghuba kunaongeza mwendo mara tatu, na pale ambapo hakuna budi kukatiza, nakatiza alfajiri maji yakiwa yametulia kama kioo, au sikatizi. Tazama pia ni ukingo wa namna gani. Ukuta wa mwamba unaotumbukia moja kwa moja majini si ukingo wa kumwokoa mtu, kwa kuwa hauna pa kushika wala pa kupandia. Ukipita hapo uhesabu kwamba uko katikati ya ziwa.

Upepo ndio utakaoivuruga ratiba yako kuliko kitu kingine chochote. Siku nyingi huamka adhuhuri inapokaribia, hukaza mchana na kulegea jioni, kwa hiyo mpiga kafi mwenye busara huwa ameshaondoka kambini kabla jua halijapanda na anatafuta pa kulala wakati wengine wanakula chakula cha mchana. Unapoona povu jeupe limeenea juu ya mawimbi, ujue upepo umefika kasi ya kilomita 20 kwa saa hivi, na kwa mtu mmoja ndani ya mtumbwi mwepesi hiyo ndiyo alama ya kushuka pwani. Unaposhuka, fanya kama unashuka kweli: vuta mtumbwi juu, ufunge kwenye mti, chemsha maji, toa kitabu. Anayekaa ukingoni huku mkono mmoja uko kwenye kafi hurudi majini mapema mno.

Kwa sababu hiyo siku zako nne zihesabu kuwa mbili na nusu. Katika maji tulivu, mtu mmoja mwenye mzigo huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, lakini upepo wa omo, yaani unaovuma kutoka mbele, huweza kupunguza mwendo huo ukawa nusu yake. Njia za miguu nazo hudanganya. Ile ya mita 800 huionyesha ramani kama kitu kidogo. Lakini ukiwa peke yako utabeba mtumbwi kwanza, urudi mikono mitupu, kisha ubebe begi, na hapo umetembea kilomita 2.4, tena kwenye tope la theluji iliyoyeyuka na miti iliyoangushwa na dhoruba za majira ya baridi ambayo hakuna aliyekuja kuikata bado. Saa moja na nusu kwa njia ya namna hiyo si kukawia. Ningekuwa mimi ningepanga kilomita 10 kwa siku ya kwanza na ya mwisho, na kambi moja isiyohama katikati, na ningerudi kwa njia ileile niliyoendea. Watu hupenda njia ya mzunguko kwa kuwa inawaonyesha mapya kila siku, lakini anayerudi alikotoka anajua kila mahali pa kushukia, kila mwamba uliojificha na kila kambi, na anaweza kugeuza wakati wowote bila kujihisi ameacha safari nusu.

Kabla ya kuondoka, hakikisha barafu imetoka katika kila ziwa lililo kwenye njia yako, si lile la kwanza tu ulilolitazama kutoka barabarani. Maziwa yenye kina, yaliyo juu zaidi au yaliyo kivulini upande wa kaskazini wa vilima hufunguka baadaye. Ukikuta vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea, usipite kati yake na ukingo, maana upepo ukigeuka barafu hiyo husogea yote kwa pamoja na hakuna kafi linaloizuia. Wala usijaribu kutembea juu ya barafu ya kijivu iliyooza. Inaweza kuwa nene na bado isibebe mtu.

Kuhusu vijito na mito, ningependa uviondoe kabisa katika safari hii ya kwanza, na sababu nitaieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa hapa ndipo wazoefu wa majira ya joto hukosea. Mto ulioupita mwezi wa saba ukiwa unafika magotini siyo mto uleule theluji inapoyeyuka. Kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huzidi mara nne. Tena maji yaliyopanda huwa yameingia msituni, na miti iliyolala ndani ya mkondo hufanya kazi ya chekecheke: maji hupita kati ya matawi, lakini mtu na mtumbwi wake hubakia, wakashikiliwa hapo na uzito wote wa mto. Kama huna budi kupita kwenye kijito chembamba, basi kila kona usiyoiona mwisho wake ushuke uitazame kwa miguu kwanza. Na unapolala kando ya mto unaolishwa na theluji, uvute mtumbwi juu kuliko unavyoona inafaa, kisha uufunge, kwa kuwa joto la mchana huleta maji yake usiku ukiwa umelala.

Usiku wenyewe utakuwa chini ya sifuri mara nyingi, hata baada ya mchana wa nyuzi 18. Soma vizuri namba iliyoandikwa kwenye mfuko wako wa kulalia, maana mifuko mingi huandikwa namba mbili, moja ya kulala kwa raha na nyingine ya mwisho wa uvumilivu, na wauzaji hupenda kuitaja ile ya pili. Godoro la chini ni muhimu sawasawa na mfuko, kwa sababu ardhi ambayo juzi ilikuwa chini ya theluji hunyonya joto usiku kucha. Ndani ya mfuko ulale na betri zako na kichujio cha maji: kichujio chenye nyuzi ndogo za mirija kikiganda mara moja hupasuka ndani pasipo kuonekana, na asubuhi utakunywa ukidhani unachuja. Ukiwa na wasiwasi nacho, chemsha maji yatokote kwa dakika moja. Kama jiko lako ni la gesi, angalia mtungi una gesi gani, kwa kuwa butani ya kawaida haigeuki mvuke ikiwa chini ya nyuzi 0.5 hasi; jiko la mafuta ya kimiminika linaaminika zaidi katika baridi hiyo. Chakula chukua chenye mafuta mengi, na cha siku mbili za ziada.

Kuna jambo moja la upweke ambalo halihusiani na hofu. Mwili unapoanza kupoa, wa kwanza kugundua kwa kawaida ni mwenzako: anakuona unajikwaa, anasikia maneno yako hayanyooki, anakuona umekasirika bila sababu. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia, na akili inayopoa hujiona iko salama. Kwa hiyo jiwekee kipimo kisichohitaji akili. Kila saa moja, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Vikishindwa kukutana, usijadiliane na nafsi yako. Shuka, vaa nguo kavu, washa moto, kula. Nguo hizo kavu ziwe katika mfuko usiopitisha maji ambao haufunguliwi kwa sababu nyingine yoyote.

Na mfukoni mwa jaketi, si ndani ya begi, weka vitu vitatu: kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, kiberiti cha gesi kilichofungwa vizuri pamoja na kitu cha kuwashia moto, na filimbi. Mtumbwi ukipinduka, begi huweza kwenda na upepo. Utakachobaki nacho ni kile kilichofungwa mwilini mwako.

La mwisho ni ombi, na naliomba kwa dhati. Kabla ya siku nne, nenda usiku mmoja, wakati huohuo wa mwaka, kwenye ziwa dogo ambalo gari liko nusu saa nyuma yako. Utajua kama mikono yako inaweza kufungua hema kukiwa na baridi kali, utajua kama suti inakubana unapopiga kafi saa tatu mfululizo, na utajua jinsi usiku ulivyo mrefu mtu anapokuwa hana wa kuzungumza naye. Halafu utaamua kuhusu hizo nne.

SWALI LA PILI

Ndugu Mshauri, nina mtumbwi wa watu wawili wenye urefu wa karibu mita 5. Nikikaa peke yangu kwenye kiti cha nyuma, omo, yaani ncha ya mbele, huinuka juu na upepo mdogo tu hunizungusha. Je, ninunue mtumbwi wa mtu mmoja kabla ya kusafiri?

Msomaji wa muda mrefu

JIBU

Si lazima, ndugu yangu. Ulichonacho kinatosha ukibadili mahali unapokaa. Ikiwa mtumbwi wako una umbo lilelile mbele na nyuma, na hakuna boriti ya kukuzuia magoti, ugeuze: kaa kwenye kiti cha mbele huku unatazama tezi, yaani ncha ya nyuma, ili tezi sasa iwe omo yako. Kiti hicho kiko karibu zaidi na katikati, kwa hiyo uzito wako hautainua upande wa pili kama sasa. Kisha weka begi zito mbele yako, na ulisogeze mpaka mtumbwi ukae sawa majini. Jambo hili lifanyie kazi ukingoni, katika maji yanayofika magotini, kwa kusogeza begi kiganja kimoja kimoja na kupiga kafi mara ishirini kila unaposogeza. Utashangaa jinsi kiganja kimoja kinavyobadili tabia ya chombo.

Begi hilo ndilo usukani wako wa pili. Upande mwepesi wa mtumbwi ndio ambao upepo huusukuma kwa urahisi, hivyo ukiwa unakabili upepo wa omo, mzigo uende mbele kidogo ili omo ikae chini na kushika njia. Upepo ukiwa unatoka nyuma, rudisha mzigo karibu nawe. Wanaolalamika kwamba mtumbwi wao haushiki njia mara nyingi hawajagusa begi lao tangu walipoondoka.

Piga magoti badala ya kuketi maji yanapochafuka, makalio yakiegemea ukingo wa kiti na magoti yakiwa mbalimbali, kwa kuwa uzito ukishuka chini mtumbwi hutulia. Weka kipande kinene cha sponji chini ya magoti, la sivyo baada ya saa moja utarudi kuketi kwa maumivu, na mara nyingi itakuwa wakati mbaya. Chukua kafi la pili na ulifunge mahali ambapo mkono unafika bila wewe kugeuka. Wengine hupendelea liwe lile la pande mbili kwa ajili ya upepo wa omo, nami nakubaliana nao. Omo na tezi kila upande uwe na kamba inayoelea ya mita 4 au 5, iliyokunjwa na kubanwa isije ikakufunga miguu. Chombo cha kutolea maji yaliyoingia mtumbwini nacho kifungwe kwa kamba fupi.

Kuingia tena ndani ya mtumbwi uliojaa maji, ukiwa peke yako, mbali na ukingo, ni jambo ambalo watu wengi wenye nguvu hushindwa hata katika maji ya vuguvugu. Lijaribu majira ya joto, rafiki yako akiwa karibu, ili ujionee mwenyewe kwa nini nimesisitiza mita 30 kwa msomaji aliyetangulia.

SWALI LA TATU

Ndugu Mshauri, mume wangu anakwenda safari ya namna hii kwa mara ya kwanza na mimi nabaki nyumbani. Sitaki kumzuia, kwa maana najua anavyoipenda, lakini sijui niwe na nini mkononi wala nianze kuhangaika saa ngapi. Ananiambia atanitumia ujumbe kwa setilaiti kila jioni na kwamba hilo linatosha.

Mke wa msafiri

JIBU

Dada yangu, halitoshi, na sababu yake ni kwamba mashine huweza kunyamaza ilhali mwenyewe yu mzima. Betri hupungua nguvu katika baridi, miti minene na kuta za mabonde huziba anga, na kifaa huweza kusahaulika ndani ya koti. Mkikubaliana kwamba ukimya wa jioni moja ni hatari, utapita usiku wa mateso bure. Mkikubaliana kwamba ukimya hauna maana yoyote, hutajua lini uwe na maana. Basi ujumbe wa jioni uuchukue kama salamu, na jambo la usalama liwekwe kwenye karatasi.

Karatasi hiyo aiandike yeye, mkae nayo mezani pamoja, naye akuonyeshe kwenye ramani kwa kidole. Iwe na mahali atakapoacha gari na namba yake, kila ziwa atakalopita kwa mpangilio, kambi anazokusudia kulala na zile za akiba, rangi ya mtumbwi, ya hema na ya jaketi, dawa anazotumia kama zipo, na siku za chakula alichobeba. Iwe pia na namba ya simu ya wanaohusika na uokoaji katika eneo hilo, ambayo ataitafuta yeye kabla ya kuondoka, si wewe usiku wa manane.

Halafu ziandikwe saa mbili tofauti. Ya kwanza ni saa anayotarajia kutoka, tuseme saa tisa alasiri siku ya nne. Ya pili ni saa ya kengele, tuseme saa nne asubuhi siku ya tano. Kati ya saa hizo mbili, amekwama pwani akisubiri upepo utulie, na hivyo ndivyo unavyotaka afanye. Asije akalazimisha kukatiza ziwa jioni kwa kuogopa kwamba wewe umeshapiga simu. Mwambie hivyo kwa kinywa chako. Waliofikwa na balaa kwa sababu walikuwa wanawahi kurudi ni wengi, na huenda neno lako moja likamkalisha chini.

Kuhusu kifaa chenyewe, muulize kama ni cha kutuma ujumbe tu au pia kinaita uokoaji. Vile vya mwito wa dharura vinavyotumia masafa ya megahezi 406 hupeleka ishara kwa mtandao wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, unaoipitisha kwa waokoaji, lakini ni lazima kisajiliwe kwa jina la mwenyewe, na namba yako wewe iwekwe kama mtu wa kupigiwa. Hata ishara ikifika mara moja, waokoaji huhitaji saa kadhaa kufika msituni, kwa hiyo kifaa hakichukui nafasi ya suti wala jaketi. Kabla hajaondoka, mwombe avae vyote mbele yako. Utakapoulizwa kwenye simu alikuwa amevaa nini, utakuwa umeona kwa macho yako.

Saa ya kengele ikifika bila yeye kukupigia, piga simu hapohapo. Usingoje saa moja zaidi kwa kuona haya, wala usimtume ndugu yenu aende kumtafuta kwa mtumbwi mwingine, kwa kuwa maji yaliyomkwamisha yeye ndiyo yatakayomkuta huyo pia. Wasomee karatasi, mstari kwa mstari, kisha ukae karibu na simu.

Naye akupe ahadi moja: akifika garini, kabla hajaupandisha mtumbwi juu ya gari na kabla hajabadilisha viatu, akupigie. Kama mahali hapo hapana mtandao wa simu, muandike kwenye karatasi jina la mahali pa kwanza njiani penye mtandao, na saa atakayokuwa amefika hapo.

Mshauri wa safu